Usipokee Hata Kama Ni Mimi

Mama Chiriku hakuwa bahili. Tuliseme hilo mapema, maana mtaani kwao kuna midomo isiyo na kazi, na baada ya yaliyotokea midomo hiyo ilipata ajira. Alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani hatupi kitu. Kitambaa kinachobaki kwenye sketi kinakuwa kola, kinachobaki kwenye kola kinakuwa cha kushikia sufuria ya moto. Hivyo ndivyo alivyoendesha kibanda chake, na hivyo ndivyo alivyomlea binti yake wa pekee, mwenyewe, katika chumba kimoja nyuma ya kibanda hicho.

Shule ilipotangaza kwamba kwaya ya darasa la sita inakwenda kuimba nje ya nchi kwa siku tano, mama huyo alifurahi kama wazazi wengine. Sare zote za kwaya alizishona yeye. Safari haikumtia hofu. Aliyemtia hofu ni fundi simu wa ng'ambo ya barabara.

"Laini ikivuka mpaka inakuwa mgeni, dada," fundi simu alimweleza, bisibisi mdomoni. "Na mgeni analipishwa kila kitu. Kupiga unalipa. Kupokea nako unalipa."

"Kupokea? Mtu akinipigia yeye?"

"Wewe unalipa na yeye analipa. Intaneti ndiyo usiseme, inakula salio wewe umelala. Mwaka jana kuna mtoto alimaliza salio lote siku ya kwanza kwa kupokea salamu za shangazi zake. Siku ya tatu akaumwa tumbo, hana hata la kumwita mwalimu."

Hilo la tumbo ndilo lililomwingia. Fundi simu akamtafutia kitochi cha zamani, simu ndogo ya vitufe isiyojua intaneti ni nini, akaweka salio na kumkabidhi kwa mikono miwili. "Salio hili ni la dharura tu. Mengine yote mbipuane. Bipu hailipiwi popote duniani."

Sasa huyo mtoto mwenyewe. Jina la Chiriku hakupewa na baba wala padri, alipewa na majirani, kwa sababu alianza kuongea kabla hajatembea na tangu hapo hajapumzika. Kumpa Chiriku simu na kumwambia asiongee ni sawa na kumpa mtoto muwa na kumwambia aushike tu. Mama yake alilijua hilo, ndiyo maana akaamua kumfanyisha mazoezi.

Kwa wiki nzima, kila jioni, Chiriku aliketi kitandani na kitochi mapajani, na mama yake alimpigia kutoka kibandani. Siku ya kwanza alipokea mlio wa pili, anacheka: "Haloo, mama! Niko chumbani!" Mama akaja na futi kamba shingoni, hacheki. Wakarudia. Wakarudia tena. Mwisho wa wiki mtoto aliweza kunywa uji simu ikilia mezani mpaka ikachoka, na asiitazame.

"Hata kama ni wewe, mama?"

"Hata kama ni mimi."

"Hata ukipiga mara mia?"

"Hata mara elfu. Usipokee."

"Na ujumbe?"

"Ujumbe usifungue. Ukiingia, futa." Hili la ujumbe hakuambiwa na fundi simu wala hakumuuliza. Alijiongezea mwenyewe, kama anavyoongeza mshono wa pili kwenye suruali ya mtoto mtundu, ili awe na uhakika. "Na tochi usiwashe ovyo, inakula chaji."

Kisha wakapatana juu ya bipu. Moja: niko salama. Mbili: nimekukumbuka. Tatu: nina shida.

"Ukibipu tatu," mama alisema, "mimi nitajua la kufanya."

Alilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Ukweli ni kwamba hakuwahi kujiuliza, hata kwa dakika moja, ni nini hicho angefanya.

Jambo moja lilikuwa linawashangaza watu kuhusu Chiriku: pamoja na mdomo wote ule, alikuwa mtiifu. Ukimwambia usivuke barabara, havuki. Alivunja amri hiyo mara moja tu maishani, mwaka uliopita, sindano ya cherehani ilipopita katikati ya kidole cha mama yake na kukatikia humo. Siku hiyo mtoto alivuka peku kati ya magari hadi kwa fundi simu, akipiga kelele, "Mjomba, mama ana shida!"

Safari ikaanza. Siku ya kwanza ikaja bipu moja, mama akapumua. Siku ya pili asubuhi bipu moja, mchana bipu mbili, na jioni mama mwenyewe akazidiwa. Alijiambia anajaribu kama mazoezi yameshika, lakini tusidanganyane, alikuwa anataka tu kuuona kwenye kioo ule mshale wa simu ukielekea kwa mwanawe. Akabonyeza. Simu ikapokelewa mlio wa kwanza.

"Mama! Huku kuna ngazi zinazotembea zenyewe, halafu tumelala vitanda vya ju..."

"Nani amekwambia upokee? Kata!"

Simu ikakatwa papo hapo. Mama Chiriku alibaki ameshika simu yake, akijisifu kwamba mtoto ametii, na huku kitu kikimchoma chini ya mbavu. Tangu jioni hiyo zilikuja bipu moja moja tu. Za mbili hazikuja tena.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Saa kumi alasiri, mkunga wa zahanati alikuwa amesimama juu ya kigoda kibandani, gauni lake jipya limejaa pini upande wote wa kushoto, na Mama Chiriku amepiga magoti akiupima upindo. Simu ikalia mezani, ikakatika.

"Mwanangu huyo," alisema, pini mdomoni. "Yuko salama."

Ikalia tena, ikakatika. Akatabasamu. Angalau leo amemkumbuka.

Ikalia mara ya tatu.

Pini zilimtoka mdomoni zikatawanyika sakafuni. Alisubiri ya nne, alimwomba Mungu ije ya nne, ili ajue mtoto anachezea vitufe. Haikuja.

"Nini?" mkunga aliuliza kutoka juu.

"Amebipu tatu."

"Sasa si umpigie?"

Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata yenyewe. Akapiga tena, ikaita mpaka mwisho. Akapiga tena. Vidole vilivyozoea kutunga uzi kwenye tundu la sindano havikuweza tena kulenga kitufe.

"Mbona hapokei?"

"Nilimkataza."

"Ulimkataza nini?"

"Kupokea simu."

"Ya nani?"

"Yangu."

Mkunga alimtazama. Alishuka kigodani, akamshika mkono, wakavuka barabara, gauni likimchoma kila hatua.

Fundi simu alisikiliza huku tayari ana simu janja yake mkononi. Namba ya mwalimu ya nyumbani ilikuwa imezimwa. Namba mpya, ambayo mwalimu aliwaachia wazazi, ilipatikana kwa intaneti tu. Akaandika, akatuma. Tiki moja: umetoka, haujafika. Wote watatu wakainamia ile tiki moja. Haikuongezeka.

"Basi mtumie ujumbe mtoto mwenyewe," fundi simu alisema. "Kupokea ujumbe ni bure."

"Bure?"

"Bure kabisa. Hata nje."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, dada."

"Nilimwambia afute! Nilimwambia ukiingia tu, futa!" Lakini akaandika hivyo hivyo: POKEA SIMU. NI MAMA. Simu ikaonyesha umefika. Akaandika mwingine: MWANANGU NAKUOMBA POKEA. Umefika. Wa tatu, umefika. Kimya. Mama Chiriku alijua kinachoendelea upande wa pili kana kwamba amesimama hapo: mtoto wake mtiifu alikuwa anafuta maneno ya mama yake, moja baada ya jingine, bila kuyasoma.

Akabonyeza kupiga tena. Fundi simu akaizuia simu kwa kiganja.

"Acha, dada. Kila ukipiga kitochi kinaita, na kikiita kinakula chaji. Betri yake ile ni nzee. Ikizima, ndiyo basi."

Hata hilo moja alilokuwa analiweza akawa ameondolewa. Aliketi juu ya boksi la chaja mbovu. Aliwaza mto. Aliwaza gari. Aliwaza mwanamume mwenye maneno matamu, na mtoto wake anayependa kuongea na kila mtu. Mengine hatutayaandika, kila mzazi ana ya kwake na hahitaji kukumbushwa. Na juu ya yote aliisikia sauti yake mwenyewe ya jioni ya pili, ikisema kata. Ikiwa kuna baya limetokea, neno la mwisho mwanawe alilolisikia kutoka kwake ni hilo.

"Nimemfunga mdomo," alisema. "Mimi mwenyewe."

"Kulia baadaye," mkunga alisema. Alikuwa amerudi katika sauti yake ya kazini. "Mtoto mwenye nguvu ya kubonyeza mara tatu yuko hai. Tuanzie hapo. Sasa nijibu, mwanangu, usinilie: huyo mtoto kitu gani kilishamfanya avunje amri yako?"

"Hakuna. Havunji. Ndiyo shida yenyewe."

Fundi simu alikuwa anakitazama kidole cha Mama Chiriku, kile chenye kovu kwenye ukucha. "Sindano," alisema taratibu. "Alinijia hapa hapa. Peku."

Mama Chiriku aliinua uso. Alichukua simu yake, akampigia mwanawe, ikaita mlio mmoja, akakata. Akapiga tena, akakata. Akapiga mara ya tatu, akakata. Kisha akailaza simu juu ya kaunta, katikati ya simu mbovu za watu.

Nje pikipiki zilipita. Mtu alikuja kuuliza bei ya kava, mkunga akamfukuza kwa jicho. Mama Chiriku alikuwa anahesabu bila kujua anahesabu nini, na alikuwa amefika arobaini na kitu simu yake ilipolia.

Hakuipokea. Siku nne alikuwa amezoea kusubiri ikatike, na mkono wake ukasubiri ikatike. Haikukatika. Ikalia mara ya pili, ya tatu.

"Pokea!" mkunga alifoka.

"Mama!" Sauti ilikuwa ndogo, imekauka. "Mama, una shida gani? Umechomwa tena? Nani yuko na wewe hapo?"

Mama Chiriku aliishika simu kwa mikono miwili. "Sina shida, mwanangu. Wewe uko wapi?"

"Chooni."

"Chooni wapi?"

Maneno yakaja mbiombio. Walipelekwa nyumba ya makumbusho. Aliomba ruhusa, akashuka ngazi hadi chini kabisa, na mlango wa choo ukagoma kufunguka. Aligonga. Aliita mpaka sauti ikaisha. Taa zikazimika zenyewe. Mabasi yalikuwa mawili, labda wa huku wamedhani yuko kule. "Na mwalimu alisema leo wakifunga wanafunga mpaka Jumatatu, mama. Mpaka Jumatatu. Kuna giza sana. Nikate?"

"Usikate!"

"Ni salio la dharura, nimelitunza, sijaligusa hata..."

"Hii ndiyo dharura! Washa tochi."

"Si ulisema itakula chaji?"

Karibu saa nzima mtoto alikuwa amekaa gizani na tochi mkononi. Mama Chiriku aliegemea kaunta. "Washa, mama yangu. Washa sasa hivi."

"Nimewasha. Mama, kuna..."

Simu ikakatika.

Alitoa sauti iliyowafanya wapita njia wageuke. Fundi simu tayari alikuwa anakwangua vocha kwa kucha, mbili kwa mpigo, anaingiza tarakimu kwa namba ya mtoto. "Ni salio tu, dada, salio tu limekwisha. Nimemrushia. Piga."

Alipiga. Mlio wa kwanza haukufika hata nusu.

"Mama?"

"Niko hapa. Sikati. Ongea na mimi."

Fundi simu aliivuta ratiba ya safari ambayo Mama Chiriku alitoka nayo mfukoni, akaipata ile nyumba ya makumbusho kwenye intaneti, na namba yake. Saa ya kufunga ilikuwa kumi na moja, na saa za huko ni sawa na za hapa. Saa ya ukutani ilisema kumi na dakika arobaini na nane. Akapiga. Lugha ya huko alijua maneno matano tu, aliyoyaokota kwenye filamu. Aliyatumia manne, kwa sauti kubwa, moja moja: "Mtoto! Choo! Chini! Fungua!" La tano lilikuwa risasi, na alikuwa na akili ya kuliacha. Upande wa pili mtu aliuliza kitu kirefu. Fundi simu akarudia yale manne, mpangilio mwingine. Mtu akakata.

"Amekata," alisema, na uso wake ukawa wa mtoto.

"Piga tena," mkunga alimwambia.

Akapiga. Iliita bila kupokelewa. Saa ikasema kumi na dakika hamsini na mbili. Mama Chiriku alikuwa amegeukia ukuta, simu imegandamizwa sikioni, akimuuliza mwanawe mlango una rangi gani, kitasa kiko upande gani, wimbo wa pili waliimba vipi. Hakujali majibu. Alitaka sauti. Na sauti ilikuwa inapungua, ikisita, ikivuta pumzi katikati ya maneno, mpaka ikanyamaza kabisa.

"Chiriku?"

Hakuna.

"Chiriku, ongea! Ongea, mwanangu!"

"Shh," mtoto alinong'ona. "Kuna mtu anakuja."

Hapo mama yule aliogopa kuliko alivyoogopa mchana wote, maana mtu anayekuja gizani anaweza kuwa yeyote. Alisikia hatua. Alisikia chuma kikigonga chuma. Sauti ya mwanamke, lugha asiyoijua, ikiuliza. Kisha kishindo, kingine, na kitu kizito kikaachia.

"Mama, wamefungua." Chiriku alikuwa analia waziwazi sasa. "Ni mama mmoja wa usafi, ana funguo nyingi kweli. Ananifuta uso na aproni yake. Taa zimewaka."

Mkunga aliketi chini, pini na yote, akaruka juu mara moja akilaani. Simu janja ya fundi simu ikaonyesha tiki mbili, halafu ikaanza kulia mfululizo. Ni mwalimu, sauti inamtetemeka, basi limegeuza njiani, wanarudi, anaomba radhi kabla hajaulizwa. Fundi simu akamjibu yote. Mama Chiriku hakugeuka.

"Mama," mtoto alisema baada ya kupenga kamasi. "Na wewe? Shida yako imeisha?"

Mama Chiriku alikiuma kile kidole chenye kovu mpaka akaweza kujibu. "Imeisha."

"Ilikuwa nini?"

"Nitakueleza ukirudi."

"Haya. Basi nakata, salio lisiishe."

"Usikate. Ongea."

"Niongee nini?"

"Chochote. Zile ngazi zinazotembea. Uliniambia nikakukatisha."

Kimya. Mara ya kwanza tangu mtoto yule ajue kutamka, aliombwa aongee naye hakuongea. Mama yake alisubiri, simu imelowa sikioni, huku fundi simu akikwangua vocha nyingine bila kuambiwa.

"Mama," Chiriku aliuliza kwa hadhari, "hili si zoezi?"

"Si zoezi, mwanangu."

"Kweli?"

"Kweli."

Akaanza basi, ngazi kwanza, halafu vitanda vya juu, taratibu na kwa sauti ya chini, akinyamaza kila baada ya maneno machache ili kusikia kama atakaripiwa.